Kwa nini maua ya bangi hunukia vizuri zaidi baada ya kuvundikwa ilhali terpeni zimepungua?

Mvukizo ameuliza:

Wanajukwaa, salaam.

Nasoma kemia ya uchambuzi, na kwa sasa nimepewa jukumu la kufuatilia namna harufu ya maua ya bangi ya kitabibu inavyobadilika tangu yavunwe hadi yafungashwe. Maua hayo hukaushwa kwanza katika chumba chenye giza ambamo hewa huzungushwa polepole. Baadaye huvundikwa, yaani huwekwa ndani ya vyombo vinavyofungwa barabara, vikawa vinafunguliwa mara kwa mara kwa muda mfupi ili hewa ibadilike, na hali hiyo huendelea kwa majuma kadhaa. Katika kila hatua tunachukua sampuli na kuipima kwa kromatografia ya gesi, yaani mashine inayotenganisha viambato vya mvuke na kupima kila kimoja.

Kinachonitatiza ni kwamba mashine na pua hazikubaliani. Kwa mujibu wa mashine, jumla ya terpeni (misombo ya mmea inayopaa na kunukia) huanza kushuka mara tu baada ya kuvuna na haipandi tena. Mirseni na pineni ndizo zinazoporomoka kuliko zote. Lakini kila anayeombwa kunusa sampuli bila kuambiwa ni ipi anasema kwamba ua lililokaushwa haraka bila kuvundikwa linanuka majani mabichi au nyasi kavu, na kwamba lililovundikwa lina harufu nzito, iliyo tulivu na inayotambulika aina yake. Ikiwa terpeni ndizo chanzo cha harufu, inakuwaje zipungue na harufu iwe bora? Je, uvundikaji unatengeneza kitu kipya, au unaondoa tu kilichokuwa kikiharibu? Na maelezo yanayorudiwa kila mahali, kwamba siri yote ni kuvunjika kwa klorofili, yana msingi wowote wa kikemia?

Nitashukuru kupata majibu yanayoeleza sababu, kwa kuwa maelekezo ya utendaji ninayo tayari.

Tezi na Ulimbo amejibu:

Ndugu Mvukizo, mashine na pua hazigombani hata kidogo. Kromatografia inakuambia kila kiambato kimo kwa kiasi gani. Pua haihesabu hivyo, kwa sababu kila molekuli ina kizingiti chake cha kusikika, na yenye kizingiti cha chini huweza kuifunika nyingine iliyo nyingi kuliko yenyewe mara elfu kadhaa. Kwa hiyo jumla ikipungua, swali la kwanza la kujiuliza ni kipi kimepungua zaidi ya kingine, na hilo ndilo jumla yako haikuonyeshi.

Tuanze na terpeni zenyewe. Hutengenezwa ndani ya vinyweleo vya tezi, vile vyenye kichwa cha mviringo vinavyolifanya ua ling'ae na kunata. Seli za kichwa hicho humimina terpeni na kanabinoidi katika kijifuko kilicho chini ya utando wa nje wa kinyweleo. Ua likishakatwa, halipati tena sukari ya kuendeshea kazi hiyo, na kwa vitendo utengenezaji hukoma. Tangu hapo iliyobaki ni akiba ya kupungua tu. Ndiyo maana hujaona kipimo kinachopanda, na ukikiona ujue kuna hesabu iliyokosewa mahali fulani.

Akiba hiyo haipungui sawasawa. Monoterpeni, zenye atomi 10 za kaboni, ni nyepesi: pineni ya aina ya alfa huchemka katika nyuzi 156 hivi za Selsiasi, mirseni 167 hivi, limoneni 176. Linaloli ina kundi la alkoholi linalozishikanisha molekuli zake, nayo huchemka karibu na 198. Seskwiterpeni, zenye kaboni 15, kama vile kariofileni na humuleni, huvuka nyuzi 250. Hakuna anayechemsha maua, bila shaka, lakini mpangilio huo kwa ujumla ndio mpangilio wa kupaa hata katika joto la kawaida la chumba. Pineni hutangulia kuondoka, mirseni na limoneni hufuata, linaloli hujikongoja nyuma, na kariofileni karibu haiondoki.

Ross na ElSohly, katika utafiti wao wa mwaka 1996 kutoka Chuo Kikuu cha Mississippi, walilipima jambo hili kwa kukamua mafuta kwa mvuke kutoka kwenye maua mabichi na makavu. Mafuta ya maua mabichi yalikuwa asilimia 0.29, na zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ilikuwa monoterpeni. Baada ya juma moja la kukauka yalikuwa yamepungua kwa asilimia 31. Baada ya mwezi wa kuhifadhiwa kwa asilimia 44.8, baada ya miezi mitatu kwa asilimia 55.2. Pamoja na upotevu wote huo, orodha ya viambato haikubadilika, na watu waliozoea harufu ya bangi waliendelea kuitambua bila shida. Soma matokeo hayo mara mbili: zaidi ya nusu ya mafuta imekwenda zake, na pua bado inasema ni ile ile.

Sasa, kinachoharibu ni nini? Harufu ya majani mabichi haitoki kwenye tezi. Seli ya jani au ya ua inapokatwa au kupondwa, mafuta ya utando wake, hasa asidi ya linoleniki na ya linoleiki, hukutana na vimeng'enya na oksijeni. Kimeng'enya kiitwacho lipoksijenasi huitia asidi hiyo oksijeni, kingine huikata mahali palipotiwa oksijeni, na matokeo yake ni vipande vyenye kaboni 6: heksanali, heksenali na heksenoli. Ni harufu ile ile unayoisikia nyasi zikifyekwa. Vipande hivyo ni vidogo kuliko monoterpeni, hivyo vingi hupaa, mradi vipewe muda na njia ya kutokea. Ua linalokaushwa kwa joto au kwa upepo mkali hukauka nje kwanza na kujifunga, huku ndani bado pakiwa na maji pamoja na heksanali iliyonaswa humo. Likiwekwa katika chombo kilichofungwa, unyevu wa ndani husambaa taratibu hadi nje, na kila mara chombo kinapofunguliwa sehemu ya mvuke huo wa majani mabichi hutoka.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba uvundikaji kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuondoa. Kiambato kinachofunika kikishapungua, kilichofunikwa husikika, hata kama nacho kimepungua kwa kiasi fulani.

Mwana wa Salfa amejibu:

Aliyonitangulia kuyaeleza Tezi na Ulimbo nakubaliana nayo, ila yameacha nje viambato ambavyo ninaamini ndivyo vinavyobeba nusu ya jibu, navyo huenda mashine yako haivioni kabisa.

Kwa miaka mingi ile harufu kali ya bangi, inayofanana na ya kicheche, ilibebeshwa terpeni, hasa mirseni. Lakini ukinusa mirseni safi peke yake hutasikia kicheche. Mwaka 2021 kundi la watafiti lililoongozwa na Oswald lilichapisha katika jarida la ACS Omega uchunguzi uliotumia kromatografia ya gesi ya pande mbili pamoja na kigunduzi maalumu cha salfa, na likabaini familia ya misombo ya salfa yenye kundi la prenili ambayo haikuwa imeripotiwa katika bangi. Mkuu wao ni 3-methili-2-buteni-1-thioli (thioli ni misombo yenye kundi la salfa na hidrojeni). Wanaotengeneza bia wanaufahamu msombo huu kwa hasira: ndio unaoiharibu bia iliyowekwa kwenye chupa isiyozuia mwanga, pale mwanga unapovunja viambato vichungu vya hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia. Bangi na hopsi ni wa ukoo mmoja wa mimea, Cannabaceae, ingawa njia za kuufikia msombo huo ndani ya mimea hii miwili si lazima ziwe moja.

Linalokuhusu wewe ni tabia yake kwa wakati. Katika uchunguzi huo, misombo hii iliongezeka sana katika majuma ya mwisho ya kuchanua, ikafikia kilele wakati wa uvundikaji, kisha ikaporomoka baada ya juma moja tu la kuhifadhiwa. Hebu ilinganishe na terpeni zako, ambazo zinashuka tangu mwanzo. Hapa kuna kundi zima la harufu ambalo mchoro wake hupanda wakati uliosema hakuna kinachopanda.

Kiasi chake ni kidogo mno. Katika bia, thioli hii husikika ikiwa nanogramu chache tu kwa lita. Terpeni ndani ya ua kavu huhesabiwa kwa miligramu kwa gramu. Ukitumia kigunduzi cha mwali wa moto, ambacho hujibu kulingana na kiasi cha kaboni inayoungua, thioli hizi hupotea chini ya kelele ya mstari wa msingi au hufunikwa na kilele cha terpeni kinachotoka wakati ule ule kwenye safu, yaani bomba jembamba linalotenganisha viambato ndani ya mashine. Utakuwa na ripoti nzuri yenye terpeni 20 na asilimia zake, na ndani yake hamna hata neno moja juu ya kiambato ambacho mnusaji wako alikitambua kabla hajaufungua mfuko vizuri.

Kundi hilo hilo la watafiti lilirudi mwaka 2023 na hoja pana zaidi: kwamba tofauti za harufu kati ya aina moja ya bangi na nyingine, pale zinapokuwa kubwa, mara nyingi hazielezwi na terpeni, bali na viambato vidogo visivyo terpeni. Zile zinazonukia matunda ya kitropiki zilikuwa na thioli kama 3-merkaptoheksanoli, inayofahamika pia katika mvinyo wa Sauvignon Blanc. Zile zenye harufu ya kikemikali au ya vyakula vilivyochacha zilikuwa na indoli na skatoli. Skatoli, kwa asiyeijua, ni moja ya molekuli zinazotoa harufu ya kinyesi. Kwa kiasi kidogo sana ndani ya mchanganyiko, huleta uzito ambao watu huusifu. Mtu asishangae; watengeneza manukato wamekuwa wakitumia indoli kwa namna hiyo tangu zamani.

Ushauri wangu ni kwamba kabla hujaandika sentensi yoyote kuhusu harufu kuboreka au kuharibika, tafuta njia ya kupima salfa.

Fundi wa Mizani amejibu:

Niruhusuni nitie shaka kidogo, kwanza juu ya klorofili, kisha juu ya neno kimeng'enya, ambalo katika mazungumzo ya uvundikaji hutumika kufunikia mambo yasiyojulikana.

Klorofili haina harufu. Molekuli ya klorofili ya aina ya a ina uzito unaokaribia 893, na kitu kizito hivyo hakipai kikafika puani katika joto la chumba. Wakati wa kukauka, asidi za ndani ya seli huondoa magnesi iliyo katikati yake, na hubaki feofitini, ambayo ni ya kahawia yenye ukijani wa zeituni. Rangi hubadilika kwelikweli, na hapo ndipo imani ilipozaliwa: ua linapopoteza kijani kibichi ndipo pia linapopoteza harufu ya ubichi, kwa hiyo watu wamelifanya moja kuwa sababu ya jingine. Ni mambo mawili yanayokwenda bega kwa bega kwa kuwa yote yanahitaji muda, na yote huanza seli inapokufa. Harufu ya ubichi ni heksanali na ndugu zake, kama alivyoeleza Tezi na Ulimbo. Klorofili tuiache katika sura ya rangi.

Kuhusu vimeng'enya, wengi huchukua mfano wa vanila. Ganda bichi la vanila karibu halinukii kitu, kwa sababu vanilini yake imefungwa kwenye sukari, katika umbo la glukovanilini, na ni wakati wa kuvundikwa kwa joto na unyevu ndipo kimeng'enya cha glukosidasi kinapoikata sukari hiyo na kuiachia vanilini. Hapo uvundikaji unaumba harufu kwa maana kamili. Tumbaku nayo inafanana kwa namna fulani: wanga hugeuka sukari, protini huvunjika kuwa asidi amino, na karotenoidi hukatika na kutoa damaskenoni na wenzake, na jani la mwisho hunukia mambo ambayo jani bichi halikuwa nayo. Mtu akishayajua haya hujaribiwa kuihamishia bangi hadithi nzima. Lakini ua la bangi halifanani na ganda la vanila. Harufu yake iko tayari, huru, ndani ya tezi, tangu ua likiwa shambani; asiyeamini aliguse ua bichi anuse vidole. Hakuna haja ya kutafuta sukari ya kuikata ili kueleza harufu ambayo ilikuwepo.

Halafu kuna suala la maji. Kimeng'enya kinahitaji maji yaliyo huru ili kifanye kazi. Ua linalovunwa lina maji yapatayo robo tatu ya uzito wake au zaidi. Hapo vimeng'enya vina uwanja mpana. Likishafikia ukavu wa kuingizwa chomboni, kipimo cha maji huru huwa karibu na 0.6 kwa mizani ambayo maji matupu ni 1, na katika hali hiyo kazi nyingi za vimeng'enya hupungua sana. Kwa maoni yangu, kama vimeng'enya vina mchango mkubwa, basi viliutoa zaidi siku zile za kukauka polepole, kabla chombo hakijafungwa. Anayekausha kwa siku mbili kwa feni na joto, kisha akatarajia chombo kimfanyie kazi aliyoiruka, anaomba kemia ifanyike bila maji. Huenda sehemu ya tofauti mnayoisikia kati ya lililovundikwa na lisilovundikwa ni tofauti ya namna yalivyokaushwa. Ndugu Mvukizo, je, sampuli zako za makundi hayo mawili zilikaushwa kwa namna moja? Swali lako linasema moja lilikaushwa haraka. Ikiwa ndivyo, umebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja.

Hoja ya salfa siipingi. Naona tu kwamba kilele kinachoonekana wakati wa uvundikaji kinaweza kutokana na mambo zaidi ya moja: kutengenezwa kwa msombo, kuachiliwa kutoka mahali uliposhikwa, au kutotoroka tu kwa sababu chombo kimefungwa. Mchoro unaopanda hausemi ni lipi kati ya hayo.

Mvukizo ameandika:

Nawashukuru nyote. Ni kweli, makundi mawili hayakukaushwa kwa kasi moja. Nitaomba kundi la tatu likaushwe polepole lakini lisivundikwe, ili tofauti hizo mbili zitenganishwe.

Nina jambo moja linalonikwaza katika maelezo ya kwamba hakuna terpeni inayoongezeka. Katika jedwali langu, kariofileni imepanda kutoka chini ya moja ya tano ya terpeni zote hadi karibu theluthi. Humuleni nayo imepanda. Je, hizi hazitengenezwi?

Tezi na Ulimbo amejibu:

Umesema mwenyewe: "ya terpeni zote". Chukua mfano wa kubuni. Ua lina vipimo 80 vya monoterpeni na 20 vya seskwiterpeni. Fungu la seskwiterpeni ni asilimia 20. Nusu ya monoterpeni ipae, na seskwiterpeni zisiguswe hata chembe. Sasa una 40 na 20, na fungu lile lile la seskwiterpeni limekuwa asilimia 33. Hakuna molekuli hata moja ya kariofileni iliyozaliwa. Asilimia za jumla iliyofungwa hulazimika kupanda upande mmoja zikishuka mwingine, na makala nyingi zinazodai kwamba uvundikaji huongeza viungo na harufu za pilipili zimejengwa juu ya hesabu hii peke yake. Ingawa, na hili ni muhimu kwa kazi yako, pua nayo husikia uwiano. Ua lililopoteza pineni na kubaki na kariofileni litanukia pilipili na mbao zaidi, bila kuumbwa kwa chochote.

Mtego wa pili uko kwenye uzito. Ukihesabu miligramu kwa gramu ya ua kama lilivyo, ua bichi lenye maji robo tatu litaonekana maskini wa terpeni, na likikauka litaonekana limetajirika, kumbe ni maji yaliyoondoka. Hesabu zote zirudishwe kwenye uzito mkavu, na uzito huo upatikane kwenye kipande kingine cha sampuli ile ile, kwa maana ukikausha kipande cha kupima terpeni umezifukuza terpeni zenyewe. Usilisage ua likiwa na joto. Lisage likiwa limegandishwa, na utie kiwango cha ndani (msombo wa kulinganishia ambao kiasi chake unakijua), kwa mfano tridekani, mapema kadiri inavyowezekana ili upotevu wa maabara usihesabiwe kama upotevu wa chomboni.

Bi Maabara amejibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa hamu. Naongeza yale ambayo kwa kawaida huachwa nyuma, yaani oksijeni, mwanga na vijidudu, kwa sababu chombo kisicho na heksanali bado kinaweza kunuka vibaya.

Terpeni nyingi zina vifungo viwili vya kaboni, na vifungo hivyo ni mlango wa oksijeni. Limoneni ikikaa hewani hupita katika hidroperoksidi, kisha hutoa karveoli, karvoni na limoneni oksidi. Ile harufu changamfu ya ganda la chungwa hugeuka kuwa kitu kinachoelekea mnanaa na dawa. Hidroperoksidi zake zinajulikana pia kwa kusababisha mzio wa ngozi, jambo linalowahusu wale wanaoyashika maua kwa mikono mitupu siku nzima. Kariofileni hugeuka kariofileni oksidi. Mirseni, ambayo mara nyingi ndiyo nyingi kuliko zote, ni tete zaidi: mwanga na oksijeni vikikutana nayo, sehemu yake hujipanga upya kuwa msombo wenye pete mbili ulioelezwa mwaka 2014 na kuitwa hashisheni, kwa kuwa ulibainika katika harufu ya hashishi, na hashishi kwa desturi ni ulimbo uliotenganishwa na ua na kuachwa wazi kwa mwanga na hewa. Kwa hiyo swali la kama uvundikaji unatengeneza kitu kipya lina jibu la ndiyo, ila vingi kati ya vipya hivyo ni dalili za kuzeeka. Katika kazi yenu, karvoni na kariofileni oksidi zikianza kuonekana mahali zilipokuwa hazipo, hiyo ni saa inayowaambia chombo kimefunguliwa kupita kiasi au kimekaa mahali penye mwanga.

Hapa ndipo ugumu wa kufungua na kufunga chombo ulipo, na sioni kanuni moja itakayoumaliza. Kila kufungua kunatoa heksanali na unyevu wa ziada, kunatoa pia pineni na thioli, na kunaingiza oksijeni. Siku za mwanzo, ua likiwa bado na unyevu wa kutosha ndani, faida ni kubwa kuliko hasara. Baadaye mizani inageuka, kwa sababu kibaya cha kuondoka kimekwisha na kinachotoka sasa ni kile mlichokuwa mnakilinda. Ni afadhali kupima kuliko kufuata kalenda: unyevu wa hewa iliyo juu ya maua ndani ya chombo ukitulia, usipande tena baada ya kufungwa kwa saa nyingi, sababu kuu ya kuendelea kukifungua imeondoka.

Kuhusu maji huru, kiwango cha D8197 cha ASTM, shirika la kutunga viwango, kinataka maua makavu yawe kati ya 0.55 na 0.65. Juu ya hapo kuvu zinazostahimili ukavu huanza kupata nafasi, na kadiri namba inavyozidi kupanda ndivyo Aspergillus na wenzake wanavyokaribishwa. Chini yake tezi hukauka, huwa dhaifu na kuvunjika zikiguswa, na terpeni zilizokuwa zimefungiwa humo hubaki wazi. Chombo kilichofungwa kikiwa na maua mabichi mno hujitangaza kwa harufu ya amonia: vijidudu vinakula protini na asidi amino, na kuitupa naitrojeni nje. Amonia inaweza kutoka chombo kikifunguliwa, na pua ikaridhika, lakini vijidudu vilivyoitengeneza havikutoka nayo.

Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu maua yenu ni ya kitabibu, na kati ya watakaoyatumia huenda wamo wenye kinga dhaifu ya mwili, ambao kwao mbegu za Aspergillus zikivutwa mapafuni zinaweza kuleta ugonjwa mzito. Ua linaweza kunukia vizuri kabisa na likawa na kuvu. Jopo lenu la kunusa lipewe kazi ya harufu pekee. Usalama wa vijidudu upimwe kwa vipimo vyake, na sampuli isiyopita huko isifike mbele ya mnusaji.

Mvukizo ameandika:

Bi Maabara, asante. Hilo la mwisho litaingia kwenye utaratibu wetu kabla ya kikao kijacho cha kunusa. Swali dogo la kumalizia: kwa kuwa hatuna kigunduzi cha salfa, ipo njia ya muda ya kuzifuatilia thioli?

Mwana wa Salfa amejibu:

Iko, ingawa ni ya kazi zaidi. Kama mna kigunduzi cha masi, kifuateni kipande cha thioli hiyo kwa kuchagua ioni zake pekee badala ya kuchukua masafa yote. Unyeti huongezeka sana. Mvuke wa juu ya sampuli unaswe kwa uzi wenye kifyonzi, na sampuli ipashwe joto la chini tu, kwa kuwa joto kali hutengeneza misombo ya salfa ambayo haikuwepo kwenye ua. Pia kuna njia ya kugawa mkondo unaotoka kwenye safu, nusu iende kwenye kigunduzi na nusu kwenye bomba la kunusia, ambapo mtu huandika dakika anayosikia kila harufu. Kwa thioli, pua ya mtu aliyezoezwa mara nyingi husikia kitu katika dakika ambayo mstari wa mashine bado umenyooka. Chupa za thioli za kulinganishia mzinunue kwa ujazo mdogo kabisa na mzifungue ndani ya kabati la kufyonza hewa, la sivyo jengo zima litajua mnachokichunguza.